Kubuni bila kungoja kipaji: maelekezo ya fundi wa mabango Kisumu

Mimi ni mama wa makamo ninayeandika mabango kwa mkono mjini Kisumu. Vibanda vya Kibuye, saluni za Kondele, hoteli za samaki, mikokoteni, mashua za Dunga, milango ya makanisa: popote panapotakiwa jina lisomeke, napeleka brashi. Kibao kikishakauka na jina la mteja linang'aa, husema maneno yaleyale: "Fundi, wewe Mungu alikupa kipaji." Nashukuru, napokea changu, naondoka. Lakini vijana wanaokuja kujifunza kwangu wakilitaja neno hilo huwakatiza, maana nimeona lilivyowaharibu wengi. Kijana mwenye mkono mzuri kabisa huitupa brashi siku ambayo herufi S inamkatalia, kwa sababu ameambiwa kipaji ama unacho ama huna, na S ile anaiona kuwa hukumu.

Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowafundisha. Mifano yangu ni ya herufi na rangi kwa kuwa ndizo ninazozijua, lakini ukiwa mshonaji, mpishi au mtunzi wa nyimbo za kwaya, utaona pa kuingilia.

Anza na swali dogo linalopimika

"Nitabuni nini kipya?" ni swali kubwa mno. Ukilishika utaketi ukitazama dari mpaka chai ipoe. Tafuta swali ambalo unaweza kuliwekea rula.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mzee mmoja wa Luanda, kilichoninyima raha ni O. Napiga mistari miwili kwa uzi wa chaki, mmoja juu na mwingine chini. Naandika HOTELI, herufi zote zinagusa mistari sawasawa. Narudi nyuma hatua chache, nakuta O ni fupi kuliko H na T. Napima: ziko sawa. Narudi nyuma tena: fupi. Mzee hakunieleza neno. Alinipa rula, akanituma nizunguke mjini nikapime O za mabango yake mwenyewe.

O zake zote zilikuwa zimeuvuka mstari, juu na chini. Kwa herufi ya sentimita 20 zilivuka kama milimita tatu hivi. Sababu yake ni kwamba duara hugusa mstari kwa nukta moja tu, ilhali H inaukanyaga kwa miguu miwili, kwa hiyo jicho huliona duara limepungukiwa. C, G, Q na S nazo huvushwa vivyo hivyo, na ncha ya A pia. Hata herufi za vitabuni zimechorwa hivyo. Chukua gazeti lolote lenye kichwa cha habari kikubwa uweke rula uone.

Tangu hapo sikuweza tena kupita karibu na bango bila kusimama. Mbona A ikikaa na V ni lazima zisogezwe, na H ikikaa na I ni lazima ziachanishwe? Mbona tumbo la juu la B ni dogo kuliko la chini, na ukiyafanya sawa herufi inaonekana inataka kuanguka kifudifudi? Kila jibu lilinipa kazi ya kujaribu kesho yake, na humo ndimo mawazo yangu mengi yalimozaliwa.

Kwa hiyo nunua daftari la shule, lile la bei ya chini. Kila Jumatatu andika swali moja. Liwe swali la kitu ulichokiona kwa macho yako, tena ambalo unaweza kulijaribu kabla ya Jumamosi kwa vifaa ulivyo navyo nyumbani. Mshonaji anaweza kuandika: kwa nini kitambaa kikikatwa mshazari huanguka vizuri mwilini kuliko kikikatwa wima? Mpishi: samaki akitiwa chumvi usiku, na mwenzake akatiwa dakika tano kabla ya kuingia mafutani, nani atashikamana vizuri zaidi? Usiandike "nifanyeje niwe bora". Hilo halina rula.

Kuna mtu ninayempenda sana kwa sababu hii, naye ni Mmarekani, Edward Catich. Kabla ya kuwa padri alikuwa fundi wa mabango mjini Chicago. Miaka ya 1930 alikwenda kusoma Roma, na huko akakutana na maandishi yaliyochongwa chini ya mnara wa Mfalme Trajan, ambayo ni ya mwaka 113. Ni herufi ambazo waandishi duniani wamezihusudu kwa karne nyingi. Wasomi wengi walikuwa wakisema vile vimiguu vilivyo kwenye ncha za herufi vilitokana na patasi ya mchonga mawe. Catich alizitazama kwa jicho la mtu aliyeshika brashi kwa riziki yake, akaona unene na wembamba wa mistari ile ni wa brashi bapa iliyoinamishwa. Basi akauliza: je, kama ziliandikwa kwanza kwa brashi, ndipo mchongaji akafuata rangi? Alizinakili kwa kusugua karatasi juu ya jiwe, akaziandika upya kwa brashi tena na tena, akafundisha chuoni huko Iowa huku swali likiwa bado mfukoni, na baada ya miaka mingi akatoa hoja ambayo leo wajuzi wengi wa herufi wanaikubali. Wasomi wale walikuwa na elimu ya kutosha, lakini hakuna aliyekuwa amepaka rangi jina la duka la mtu.

Nami nilijaribu, bila shaka. Chukua brashi bapa, shusha mstari, na ukifika mwisho izungushe kidogo kwa vidole kabla ya kuinua. Mguu unajitokeza wenyewe.

Toa mabaya upesi

Nikipata kazi mpya sigusi bati. Nachukua karatasi ya kaki au gazeti la zamani na kipande cha makaa, nachora visanduku kumi vya ukubwa wa kiberiti, na katika kila kimoja naweka wazo moja la bango hilo. Hakuna kufuta wala kumwonyesha mtu.

Viwili vitatu vya kwanza vitakuwa mabango ya jirani yako, utake usitake, kwa sababu ndiyo yaliyojaa kichwani. Vya katikati vitakuwa vibaya, na hapo ndipo wanafunzi wangu huweka makaa chini na kuniambia, "Mama, leo mawazo yamekataa." Ninawaambia wajaze visanduku vilivyobaki. Mkono ukishachoka kurudia yaliyozoeleka huanza kucheza, na mchezo ndio tunaoutaka.

Kijana mmoja mwenye kinyozi Manyatta alikuja anataka bango. Mabango ya kinyozi unayajua: kichwa cha mwanamume kilichochongwa mstari pembeni, mkasi, mashine. Nilichora vichwa mpaka nikavichukia. Vilipokwisha nikabaki na neno lenyewe, KINYOZI, na nikaona Y ni mkasi uliofunguka. Haikuhitaji kulazimishwa: duara mbili za kushikia chini, makali mawili juu. Nikaifanya Z wembe uliokunjuka. Kijana aliitazama karatasi kwa muda, akacheka, kisha akaniuliza, "Na kichwa kitakuwa wapi, mathe?" Tukaweka na kichwa. Mwenye pesa ndiye mwenye bango.

Ukimaliza kumi, chagua viwili, kikuze kimoja kwenye karatasi kubwa, kibandike ukutani, uondoke. Rudi baada ya chakula. Jicho lililotoka kula huwa na ukweli zaidi kuliko lile lililokesha na kazi.

Iga, lakini iga kutoka mbali

Watu huogopa kuiga, halafu wanaiga kwa siri. Mimi nasema iga hadharani, ila usiige fundi mwenzako wa kazi ileile.

Sikiliza benga, muziki wa gitaa wa Waluo. Nyatiti, chombo chao cha jadi, ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, huzidonoa kwa vidole, huimba, na huku anagonga mbao za chombo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Nyanza walioshika gitaa hawakutaka kuyaacha yale waliyoyasikia kwa wazee wao. Walilidonoa gitaa noti moja moja kama nyatiti, wakaacha sauti inyamaze ili gitaa lijibu. Walikuwa wakiiga. Lakini kwa kuwa walikuwa wameuvusha muziki kutoka chombo kimoja hadi kingine, kilichotoka ni kitu ambacho hakikuwahi kusikika, na kikaenda mpaka Zimbabwe na kwingineko.

Kwangu mimi, mwalimu wangu wa mpangilio amekuwa leso, yaani kanga. Leso ina pindo, ina mji, ule uwanja wa katikati, ina jina. Pindo ni pana, limebeba shughuli nyingi, na mji una nafasi ya kupumua, kisha jina linakaa ndani ya kisanduku chake bila kugombana na maua. Mabango mengi ya mjini yanaharibika kwa sababu mwenye duka anataka kila kitu kikae katikati, penye mji wa leso: jina, simu, soda, aya ya Biblia, picha ya mtoto wake. Nikimwonyesha leso anaelewa mara moja. "Aya tuiweke kwenye pindo, mama." Anakubali.

Mageti ya chuma nayo yana mengi. Mafundi wa kuchomelea wanakunja vyuma kuwa S ambazo ni bora kuliko zangu, kwa sababu chuma hakikubali kona ya ghafla. Kinapinda polepole au kinakatika. Jumapili Kibuye ikijaa, mimi hupita na daftari nikinakili vitu visivyohusu mabango hata kidogo, vikapu, vitanda, jiko, mikunjo ya bati la masanduku. Mengi ya niliyoyanakili sijayatumia. Hilo halinisumbui, daftari halili ugali.

Jinyime kitu

Zamani pesa nzuri ilikuwa kwenye matatu. Gari zima lilikuwa lako: majina, picha, moto ukitoka kwenye magurudumu. Kisha Februari 2004 sheria za Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zikaanza kufanya kazi, pamoja na mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano wa kulizunguka gari, na michoro ikafutwa. Kilichobaki kwa sisi wenye brashi ni kuandika njia ya gari kwa herufi za kawaida juu ya mstari wa njano. Wenzangu kadhaa waliona sanaa imekufa, wakarudi mashambani.

Mimi nilibaki, zaidi kwa sababu shamba sikuwa nalo. Herufi za kawaida, rangi moja, urefu uleule, siku nzima: KISUMU, AHERO, KISUMU, KATITO. Ukiondolewa moto na picha hubakiwa na kitu kimoja cha kuchezea, nacho ni nafasi kati ya herufi. Nikaanza kuifanyia kazi hiyo peke yake. Kanuni niliyoipata, na ambayo mafundi wengi huifikia kwa njia zao, ni kufikiria unamimina mchanga kati ya kila herufi mbili. Kiasi cha mchanga kiwe sawa, hata kama umbali kwa rula si sawa. Jaribu kwa neno AHERO uone A na H zinavyotaka, halafu R na O.

Baadaye mashine za kuchapa mabango zikaingia mjini, zikawa zinatoa kwa saa moja kazi yangu ya siku mbili, tena na picha. Sikushindana nazo kwa picha. Niliuliza mashine haiwezi kuandika wapi, na jibu likawa orodha ndefu: ukuta wa matofali usiopigwa lipu, bati lenye mikunjo, ubavu wa mashua, toroli, tangi la maji.

Wewe si lazima ungoje serikali au mashine ikunyime. Jinyime mwenyewe kwa wiki. Rangi mbili tu. Au brashi moja tu. Mtunzi wa nyimbo ajinyime kibwagizo. Mwandishi wa hadithi asitoke nje ya jikoni. Nilipata bango langu zuri kuliko yote ya hoteli kwa kuwa nilikuwa na masalio ya rangi za kijani na maziwa na hakuna nyingine.

Muulize mwenye shida kabla ya kujiuliza mwenyewe

Hapa ndipo nataka ukae sana.

Mama mmoja anayeuza omena, yaani dagaa, alinitaka nimwandikie DUKA LA SAMAKI BORA, nyekundu juu ya buluu, kwa sababu aliona kanisani rangi hizo zimependeza. Ningeweza kuandika na kwenda. Badala yake nilivuta kigoda.

"Mama, wateja wako hupita saa ngapi?"

"Jioni, wakitoka kazini. Mchana nakaa na nzi tu."

"Na wakikutafuta wanasemaje?"

"Wanasema Nyar Usenge, binti wa Usenge. Jina la duka wataliulizia nini?"

Maswali mawili, na bango lilikuwa limeshajiandika nusu: OMENA YA NYAR USENGE. Lakini lile neno "jioni" lilinikaa. Nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekiandika daftarini bila kukimaliza. Ukisimama ufukweni Dunga wakati wa magharibi, mashua za omena zikijiandaa kutoka na taa zao, yale majina ya rangi nyekundu ubavuni huwa meusi mapema kabisa, wakati ya buluu na kijani bado unayasoma. Mchana nyekundu ndiyo inayopiga kelele kuliko zote. Jua likizama inanyamaza ya kwanza.

Nilirudi kulijaribu hilo nyumbani. Kipande cha bati, mistari minne ya rangi, nikakiegemeza kwenye ua saa kumi na mbili jioni nikakitazama hadi giza. Ni kweli. Mwanangu aliyesoma biolojia akaniambia jambo hilo lina jina la mtu, Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia aliyelieleza mapema katika karne ya 19. Jicho lina chembe za aina mbili. Zile za mchana zinaona rangi, na zile za gizani hazina habari na nyekundu lakini zinaishika vizuri buluu na kijani. Mwanga ukipungua, kazi inahama kutoka kundi moja kwenda lingine, na nyekundu inaachwa njiani.

Kwa hiyo nyekundu juu ya buluu kwa mtu anayenunua saa moja jioni ni bango la kipofu. Nyar Usenge alipata herufi nyeupe juu ya buluu iliyoiva, na nyekundu nikaiweka kwenye pindo, ili roho yake itulie kwa ajili ya ile ya kanisani.

Tazama wazo lilikotoka. Sehemu moja ilikuwa daftarini, haina kazi, imelala. Nyingine ilikuwa kinywani mwa mama mwenye kigoda. Mimi nilichofanya ni kuuliza saa. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote uliza mambo ambayo mteja haoni maana yake: anayeiona atakuwa amesimama au anapita, amebeba nini, kuna mwanga gani, jina gani liko mdomoni mwake tayari. Mshonaji amuulize bibi harusi atapanda gari la aina gani. Mtunzi wa kwaya aulize kanisa lina paa la bati, na kama mwezi huo ni wa mvua.

Kagua kwa miguu

Kazi ikiwa mezani hudanganya. Ipeleke inakokwenda. Kwa mabango kuna kipimo kizuri cha zamani: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 ili isomeke bila taabu. Bango litakalosomwa kutoka mita 30 linataka herufi za sentimita 25. Halafu fikiria mwendo. Bodaboda kwenye kilomita 40 kwa saa anakula mita 11 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu tu zimekumaliza mita 33. Ukimwandikia maneno manane amepita.

Mimi huwa namsimamisha kijana wa bodaboda stejini, namwomba apite mbele ya karatasi yangu mara moja bila kusimama, arudi aniambie alichosoma. Kile asichokisoma nakipunguza, hata kama nilikipenda. Njia nyingine ya haraka ni kulipindua bango kichwa chini: ukishaacha kusoma maneno, utaona mahali palipobanana.

Siku ambayo S inakataa

Ziko siku za hivyo, na haziishi kwa uzoefu. Ninachokukataza ni kurudia vilevile kwa hasira. Kosa likijirudia, badilisha kitu kimoja, kimoja tu, ujaribu tena: brashi, au uzito wa rangi, au mahali unapoegemeza mkono, au saa. Ukibadilisha vyote pamoja na ikafaulu hutajua kilichosaidia.

Saa ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Kisumu bati la ukutani likipigwa na jua la saa sita huwa moto wa kuchoma kidole, na rangi ya mafuta inaanza kushika kabla mkono haujamaliza kupinda. Brashi inavutwa, mstari unakatika, na S, ambayo ni herufi ya kupinda mara mbili, ndiyo inayoumia kwanza. Kijana anasema hana kipaji. Namwambia aje saa moja asubuhi, bati likiwa bado na baridi ya usiku, aongeze matone machache ya tapentaini. S inashuka. Nimeona vijana wakitazama mkono wao kama wameupata dukani.

Masika nayo hunizuia kuandika nje wiki nzima. Wakati huo nina kioo cha dirisha la zamani, nakilaza mezani, naandika juu yake kwa rangi ya maji, nafuta kwa kitambaa, naandika tena. Hakiishi na hakigharimu kitu. Wima ishirini, mshazari ishirini, nusu duara ya kushoto, nusu duara ya kulia, halafu S. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua bati aanzie hapo, na asimwonee haya mtu.

Jioni, acha kazi ukiwa bado unajua hatua inayofuata, ili asubuhi usianze kwa kuwaza. Kwenye rangi usiachie katikati ya herufi, kiungo kitaonekana milele. Achia kati ya neno na neno, na herufi ya kwanza ya neno linalofuata iwe tayari imechorwa kwa chaki.

Swali la wiki ya kwanza

Kama huna swali, chukua hili langu. Tafuta vipande viwili vya bati au kadibodi vinavyolingana, kimoja kipake nyeusi, kingine nyeupe. Chora neno moja kwenye karatasi, litoboe kando ya mistari kwa sindano, ulibandike juu ya kila kipande na kupangusa kwa unga, wa makaa kwenye cheupe na wa chaki kwenye cheusi, ili herufi ziwe pacha kabisa. Jaza: nyeusi juu ya nyeupe, nyeupe juu ya nyeusi. Vitundike pamoja, nenda ng'ambo ya barabara.

Nyeupe zitaonekana nene kuliko nyeusi, na matundu ya ndani ya A na R yatakuwa yamebanwa. Sasa rudia ile nyeupe, ukiipunguza unene kidogo kidogo mpaka kutoka ng'ambo zilingane. Andika daftarini ulipunguza milimita ngapi, kwa herufi ya kimo gani, na ilikuwa saa ngapi. Ukikosa tofauti yoyote, kagua kwanza kama nyeupe yako ilipata koti la pili. Koti moja juu ya nyeusi hutoa kijivu, na kijivu hakivimbi.